Kati ya Nini na Nini?

Nimezaliwa Ng'ambo na nimesoma ng'ambo. Sentensi hiyo nimeitumia mara nyingi kuchekesha watu, lakini ni kweli tupu. Ng'ambo ya kwanza, yenye herufi kubwa, si ile ya Unguja ambayo wengi wenu mtaikumbuka haraka. Ni kata ya Tabora mjini, ya miembe, baiskeli na harufu ya mkaa jioni. Ng'ambo ya pili ni ile ya viza, ndege na baridi. Huko nilikaa mwaka mmoja, katika chuo kimoja cha kaskazini mwa Uingereza, nikisoma shahada ya uzamili katika historia ya zama za kati.

Siku mbili kabla sijaondoka nilikwenda kumuaga mjomba wangu kwenye kijiwe chake. Mjomba ni fundi baiskeli. Alikuwa anakaza spoku za gurudumu la mtu wa mkaa, na aliendelea kuzikaza wakati tunasalimiana.

"Unakwenda kusoma nini, mama?"

"Historia ya zama za kati, Mjomba."

"Kati ya nini na nini?"

Nikamjibu kama ilivyoandikwa kwenye vitabu: kati ya kuanguka kwa dola ya Rumi ya magharibi, mwaka 476, na mwisho wa karne ya 15. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mwenye adabu ya kusikiliza. Kisha akazungusha gurudumu, akalitazama linavyoyumba, akasema, "Hayo ni ya kwao. Ya kwetu je?"

Sikuwa na jibu, na mtu wa mkaa alikuwa na haraka. Nikaaga nikaondoka na swali lake.

*

Mtu akikulia Tabora, historia anaikuta mlangoni. Kwihara kuna tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Boma la Wajerumani lipo. Kila mtoto anajua habari za Mtemi Isike, aliyejilipua kwa baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 Wajerumani walipoivunja. Reli ilifika mwaka 1912. Shule aliyosoma Nyerere iko palepale. Burton na Speke walifika Kaze, yaani hapahapa, Novemba 1857, wakawakuta wafanyabiashara wa pwani wameshajenga na wanakunywa kahawa.

Yote hayo yana tarehe, na tarehe zote ni za karne ya 19 na kuendelea. Kabla ya hapo, katika kitabu tulichosomea shuleni, kulikuwa na ukurasa mmoja: Wabantu walihama, wakafua chuma, wakalima. Unafungua ukurasa wa pili, msafara umeshafika.

Kwetu nyumbani mambo yalikuwa mafupi zaidi ya hapo. Sisi ni Wamanyema. Ndivyo tunavyosema. Tabora na Ujiji neno hilo linabeba watu wengi sana: waliokuja kutoka upande wa pili wa Ziwa Tanganyika wakiwa wapagazi, wakiwa askari, wakiwa wafanyabiashara, na waliokuja wamefungwa. Familia hazipangi nani alikuja vipi, na mtu mwenye heshima zake haulizi.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa mwaka 1940. Bibi yake yeye ndiye aliyeletwa Tabora, akiwa mtoto mdogo, na msafara. Kwa hesabu za Kiswahili mimi ni kilembwe chake. Nilikua nikijua mambo mawili tu juu yake: kwamba aliletwa, na kwamba alijua kupika. Kila nilipouliza la tatu, Bibi alikumbuka kitu kinachoungua jikoni.

Kuna methali inayosema mkataa kwao mtumwa. Darasa la tano tuliandikishwa insha juu yake. Mwalimu alituambia maana yake ni uzalendo, mtu asidharau alikotoka. Nikarudi nyumbani nikamuuliza Bibi kwetu ni wapi. Aliniangalia muda mrefu mpaka nikadhani nimekosea heshima. Kisha akasema, "Kwenu ni hapa. Nenda kachote maji."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sikuwa na maneno ya kusema nilichokielewa pale. Leo ningesema hivi: methali ile imegeuzwa. Wapo watu ambao hawakukataa kwao hata siku moja. Walinyang'anywa, na baada ya hapo methali ikaja kuwacheka.

*

Nikakua, nikawa mwandishi wa habari. Kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa ni kujibu swali moja la wahariri: una chanzo? Nani kakwambia, alikuwepo, kuna karatasi? Ni swali zuri. Bila hilo magazeti yangekuwa barua za mapenzi na matusi.

Mwaka mmoja niliandika makala ndefu juu ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Katikati niliweka aya moja kuhusu bibi yake Bibi. Sikumtaja jina. Nilisema tu kwamba katika nyumba fulani ya Ng'ambo yupo mtu aliyeletwa akiwa mtoto, na kwamba hakuna anayejua alitolewa wapi. Mhariri, mtu ninayemheshimu mpaka leo, aliikata. "Aya nzuri," aliniambia, "lakini haina chanzo." Kwa sheria za kazi yetu alikuwa sahihi. Makala ikatoka ina Burton, Stanley, Livingstone na Tippu Tip, wote wenye vyanzo vyao, na watu wakaisifia.

Ile aya ndiyo iliyonipeleka kuomba ufadhili. Nilitaka kujifunza namna gani mtu anaandika juu ya watu ambao hawakuandikwa. Na nilichagua zama za kati kwa sababu nilichoka na karne ya 19. Nilitaka kurudi nyuma ya msafara, nione kama kuna kitu.

Watu waliposikia, wengi walidhani nakwenda kusoma Kilwa. Ni haki yao. Kilwa ina kila kitu mwanahistoria anachokitaka. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na akaandika alichokiona. Upo msikiti mkuu, ipo Husuni Kubwa, zipo sarafu za shaba zenye majina ya masultani, ipo tarikh ya wafalme wake. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Waswahili, na ulimwengu mzima ukaongea.

Naipenda Kilwa. Ila naona tuna tabia moja. Tukitaka kuthibitisha kwamba Afrika Mashariki nayo ilikuwa na zama za kati, tunaonyesha pwani, basi. Bara tunaliacha limekaa chini ya mti likisubiri kufikiwa. Zamani tulisema lilimsubiri Mzungu. Siku hizi tunasema lilimsubiri mtu wa pwani. Kwa mtoto wa Tabora tofauti si kubwa sana.

*

Wiki ya kwanza ya masomo tulipewa orodha ya vitabu, na kimojawapo kilikuwa cha Hugh Trevor-Roper, *The Rise of Christian Europe*, cha mwaka 1965, kilichotokana na mihadhara aliyoitoa mwaka 1963. Ni kitabu cha zama za kati za Ulaya, lakini kinaanza kwa kuifukuza Afrika mlangoni: eti huko hakuna historia ya kufundisha isipokuwa ya Wazungu walioenda, yaliyobaki ni giza, na giza halisomeshwi. Mhadhiri alitupa tukisome kama mfano wa makosa. Wenzangu walicheka kwa mshangao, kwamba kumbe msomi mkubwa aliweza kusema hivyo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaambiwa maneno hayo, kwa upole, na mtu mweusi mwenzangu, ofisini, tukiwa tunakunywa chai. *Haina chanzo.* Trevor-Roper alikosa adabu tu. Hoja ilikuwa ileile.

Basi nikaanza kujifunza Kilatini. Msiniulize sana juu ya Kilatini. Nilichogundua ni kwamba mtu aliyelelewa na ngeli za Kiswahili haogopi neno linalobadilika mkia. Sisi yetu yanabadilika kichwa. Nilisonga taratibu, na ilipofika Februari tukaingia kwenye *Domesday Book*.

Kwa wasiokifahamu: mwaka 1085 Mfalme William wa Uingereza aliamuru nchi nzima ihesabiwe, na mwaka 1086 hesabu ikafanyika. Mashamba, ng'ombe, vinu, misitu, watu. Alitaka kujua nani ana nini na anadaiwa nini. Siku hiyo tulipewa sehemu ya Cheshire inayohusu chumvi. Cheshire kuna chemchemi za maji chumvi, na watu walikuwa wanayachemsha mpaka chumvi inabaki. Kitabu kinataja nyumba za kupikia chumvi, na kinataja ushuru. Mkokoteni wa ng'ombe una ushuru wake, mzigo wa farasi una wake. Mtu akipakia mkokoteni kupita kiasi mpaka ekseli ikavunjika njiani karibu na mji wa chumvi, faini shilingi mbili. Akimpakia farasi mpaka akamvunja mgongo, shilingi mbili vilevile.

Na halafu nikafika kwenye mstari unaosema juu ya watu wanaokuja kwa miguu kununua chumvi na kuibeba wenyewe. Nao wana ushuru wao, kwa idadi ya mizigo.

"Wapagazi," nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, katikati ya semina. Kila mtu akanigeukia.

Niliwaza sehemu moja tu. Ukipanda treni Tabora kwenda Kigoma, ukapita Urambo, ukapita Kaliua, usiku unakatika na unafika Uvinza. Na Uvinza ni chumvi. Kuna chemchemi za maji chumvi karibu na mto Malagarasi, na watu wamekuwa wakiyachemsha. Karne ya 19 walikuja kila kiangazi kutoka nchi za jirani, wakapika chumvi yao, wakaacha sehemu kwa watawala wa Uvinza kama ushuru, wakajitwisha wakaondoka. Hata kuvuka Malagarasi kulikuwa na ushuru. Burton na Stanley wote waliulipa, na wote walilalamika.

Jioni ile nilikwenda maktaba. Nilidhani nitarudi mikono mitupu. Nilichokikuta ni jarida la *Azania*, toleo la mwaka 1968. Ndani yake, John Sutton na Andrew Roberts wameandika ripoti ya uchimbaji wao Uvinza. Walichimba karibu na chemchemi na kukuta tabaka juu ya tabaka: vigae vya vyungu, majivu, na vishimo vilivyokandikwa udongo. Vipimo vya kaboni vikaonyesha kwamba chumvi ilikuwa inapikwa pale tangu karne ya tano au ya sita baada ya Kristo. Katika toleo hilohilo kuna ripoti ya Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, ambako chumvi ilipikwa kati ya karne ya 13 na ya 15.

Nilisoma nimesimama kati ya rafu. Karne ya tano au ya sita! Rumi inaanguka huko, na Uvinza kuna mtu anachochea moto chini ya chungu cha maji chumvi. Na chumvi hailiwi yote na mpishi. Chumvi inabebwa. Palipo na chumvi pana njia, na palipo na njia pana wanaopita, wanaokaa na wageni, wanaopimiana, wanaodhulumiana. Yaani njia ya msafara haikuanza na msafara wa pwani. Watu wa pwani waliingia katika nchi ambayo tayari ilikuwa na sehemu za kwenda.

Kumbuka pia mwaka. Miaka ileile ya 1960, mtu mmoja anatangaza kwenye mihadhara yake Uingereza kwamba kwetu ni giza, na wengine wako Uvinza wamepiga magoti wanapanga vigae kwenye mifuko.

*

Ningependa kuishia hapo, kwa ushindi. Lakini semina iliyofuata ilikuwa juu ya watu waliohesabiwa katika *Domesday Book*, na humo nikakutana na neno *servi*.

*Servi* ni watumwa. Katika hesabu ile ya mwaka 1086, karibu mmoja kati ya kila kumi ya watu waliorekodiwa alikuwa mtumwa. Watu walinunuliwa na kuuzwa Uingereza. Bandari ya Bristol ilisafirisha watumwa kwenda Ireland, mpaka Askofu Wulfstan wa Worcester akahubiri dhidi ya biashara hiyo. Sikuyajua hayo. Nilikuwa nimekaa katika nchi ambayo kwangu ilikuwa nchi ya wenye watumwa tu, haikunijia kwamba na yenyewe iliwahi kuuza watoto wake.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja, kijana wa hukohuko kaskazini, alisoma ile orodha akatabasamu. "Labda hawa ndio mababu zangu," alisema, akanywa chai yake.

Nilimwangalia. Nilitafuta usoni mwake kile ninachokiona kwa Bibi nikiuliza la tatu. Hakikuwepo. Wala hakuwa anajikaza. Kwake ilikuwa ni habari tu, kama kuambiwa babu yake alikuwa mrefu. Aibu ile ilishakufa kwa uzee. Ya kwetu bado ina umri wa watu ninaowafahamu: utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922, na Bibi alizaliwa miaka kumi na minane baadaye. Bibi yake alikuwa mtu mzima siku sheria inapitishwa.

Kisha mwalimu wa Kilatini, kwa nia njema kabisa, akaniuliza Kiswahili kinatafsiri vipi *servus*. Kiingereza kinampa shida, alisema, anataka kusikia lugha nyingine. Nikasema: mtumwa. Akaandika ubaoni. Nikasema: lakini inategemea. Kuna mtwana. Kuna mjakazi. Kuna mzalia, aliyezaliwa nyumbani kwa bwana. Kuna mjoli, mtumwa mwenzako wa bwana mmoja. Kuna suria. Kuna mateka. Alikuwa anaandika kwa furaha, ubao ukajaa, na nilipofika la saba nikanyamaza.

Lugha hii ninayoipenda, ninayoilia mshahara, ina chumba chake kwa kila aina ya mtu asiye huru. Nimetafuta chanzo miaka yote hiyo, na chanzo kipo mdomoni mwangu. Hakinipi jina la mtu yeyote. Kinanionyesha tu jinsi tulivyowajua vizuri watu hao, tukawapanga mmoja mmoja, na leo tunasema hatujui walikuwa akina nani.

*

Niliomba kuandika tasnifu juu ya chumvi: Cheshire na Uvinza, pamoja. Msimamizi wangu alikuwa mama mwema. Alisema wazo ni zuri ila mwaka mmoja ni mfupi, na Uvinza haina maandishi ya wakati ule, hivyo nitakuwa nalinganisha kitabu na vyungu. Akanishauri nibaki na Cheshire, nipate alama nzuri, mengine yatafuata.

Nilikaa na ushauri ule wiki mbili. Ufadhili ulitegemea alama. Nyumbani kulikuwa na watu wanaosubiri nirudi na cheti kinacholingana na nauli. Lakini kila nilipofungua ile hesabu ya Cheshire niliona kwamba hata yenyewe haina ninachokitafuta. Inajua nyumba za chumvi ni ngapi na faini ya ekseli ni kiasi gani. Aliyechochea moto haimjui. Maandishi yale yaliandikwa kwa ajili ya kodi, na yanajua anachokijua mtoza kodi. Vyungu vya Uvinza navyo vinajua kitu kingine: moto ulikuwa wapi, udongo ulikandikwa vipi, mtu alirudi pale baada ya mtu mwingine, vizazi na vizazi. Tofauti yao ni nani alishika kalamu. Jina la mpishi halipo kokote.

Nikaandika sura tatu za Cheshire na sura ya nne ya Uvinza. Nilipata alama ya kupita, si zaidi. Msahihishaji aliandika pembeni kwamba sura ya nne haiendani na nyingine. Naam. Na mimi siendani na nyingine, na ilibidi niende.

*

Nilirudi Tabora, nikapumzika siku nne, nikapanda treni kwenda Uvinza. Hakuna cha ajabu cha kusimulia. Kuna mto, kuna joto, kuna watu wanaouza chumvi kwenye mifuko. Sikuokota kigae hata kimoja. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inakataza, na hata isingekataza, vimekaa pale muda mrefu kuliko sisi wote. Nilinunua chumvi kilo mbili nikarudi nayo.

Nilipita kwanza kwa Mjomba. Safari hii alikuwa na fremu iliyokatika. Mtu alipakia magunia matatu ya mkaa.

"Nimekuja na jibu, Mjomba. Kati ya Rumi na msafara, watu walikuwa Uvinza wanapika chumvi na kuibeba. Miaka zaidi ya elfu moja."

Akafikiri. "Sasa hiyo ulienda Uingereza kuijua?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. Nikamweleza ile faini ya kuvunja ekseli. Hapo aliacha kazi kabisa, akasimama. "Shilingi mbili? Nani alikuwa anatoza? Hiyo tungekuwa nayo hapa, huyu mwenye magunia ningemnyoosha." Alicheka mpaka akakaa. Nadhani ndiyo sehemu pekee ya shahada yangu iliyompendeza, na sikudai zaidi.

Bibi nilimkuta uani anachambua kisamvu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniita mke mwenzangu kama kawaida yake, akauliza mbona nimekonda. Nikampa mfuko. Akaufungua, akachovya kidole, akaonja.

"Ya Uvinza hii."

"Umejuaje, Bibi?"

"Sina ulimi?" Akaonja tena. Halafu, bila mimi kuuliza chochote, na jikoni hakuna kilichokuwa kinaungua, akasema, "Bibi yangu hakuwa anasema chumvi. Alikuwa anasema munyu. Lete munyu. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka, tunajificha nyuma ya mlango tunasema lete munyu, lete munyu. Alikuwa anajua tunamcheka. Hakuacha kusema."

Nadhani nilishika pumzi. Ilikuwa la tatu.

Usiku ule nikafanya kazi yangu ya uandishi wa habari. Munyu. Waganda wanasema *omunnyo*. Warundi na Wanyarwanda wanasema *umunyu*. Kiswahili chenyewe cha zamani kinalo neno munyu, mtalikuta kwenye kamusi. Wataalamu wa historia ya lugha za Kibantu wanatumia maneno ya namna hii kama wachimbaji wanavyotumia vigae: neno likiwa katika lugha nyingi zilizoachana zamani, basi ni la zamani kuliko kuachana kwao. Munyu ni zee. Lilikuwepo kabla ya misafara, kabla ya Kilwa, inawezekana kabla ya chungu cha kwanza pale Uvinza. Na kwa sababu hiyohiyo halinisaidii kumtafuta bibi yake Bibi. Limeenea mno. Mtoto aliyesema munyu anaweza kuwa ametolewa popote. Mhariri wangu angelikata, na angekuwa sahihi tena.

Asubuhi nilimweleza Bibi hivyo. Sikutaka kumdanganya kwamba nimepata kijiji. Alisikiliza huku anatwanga.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, Bibi."

"Haya." Akatwanga kidogo. "Utaandika?"

Nikamwambia ningependa, akiniruhusu. Nikamuuliza kama naweza kutaja jina la bibi yake. Ni moja ya yale majina mnayoyafahamu, ambayo mabwana waliwapa watu waliowanunua, ya bahati, ya faida, ya zawadi. Nimelijua tangu utoto na sikuwahi kulifikiria kama jina la bidhaa.

Bibi aliacha mchi ukae ndani ya kinu.

"Jina usiandike," alisema. "Halikuwa lake. Hilo la munyu andika. Hilo alikuja nalo."